Oda za vipande ndani ya oda ya mlango: uzoefu wangu na ERPNext

Karakana yetu ya milango ya nakshi hapa Bagamoyo ina mwaka na zaidi inatumia ERPNext, programu ya kuendesha biashara (oda, stoo na hesabu), leo naongelea kitu kimoja tu, oda za vipande, yaani oda ya kutengeneza kila kipande cha mlango, maana ndo zilinitoa jasho na ndo zimenifanya niipende hii programu.

Mlango wa nakshi una fremu (miimo miwili, kizingiti cha juu na cha chini), una mabawa mawili, halafu mfaa, ule ubao wa pale katikati mabawa yanapokutana, na kila kipande kina fundi wake na siku zake. Kwenye sistimu kila kipande unakiandikia orodha yake ya mbao, kisha orodha ya mlango inaviita hivyo vipande. Sasa tukapata oda ya milango 12 ya hoteli, stoo tuna fremu 5 zimeshaungwa, nikafungua oda ya kazi nikaiacha ile tiki ya orodha ya ngazi nyingi (mlango, vipande vyake, mpaka mbao za kila kipande), huwa inakuja imeshawekwa na mimi sikuisoma. Ikachambua kila kipande mpaka mbao zake! Fremu kama fremu haikuonekana popote, ikadai mbao 48 za fremu wakati nilihitaji 28 tu, na mninga tukanunua wote. Hela ikalala stoo, msasa na rangi tukakopa dukani, kwa kweli iliniuma sana.

Kumbe ukiitoa tiki, fremu inahesabiwa kama mali ya stoo na unaifungulia oda yake yenyewe. Tiki iache kwa kipande ambacho hamkiweki stoo kabisa, mnakiunga hapohapo mlango unapoungwa.

Siku hizi naanzia kwenye mpango wa uzalishaji, naweka milango, naiambia ilete vipande na iruke vilivyopo stoo. Oda kama ile ingeniletea fremu 7, mabawa 24, mfaa 12, na kila mstari nachagua tunatengeneza wenyewe, tunampa fundi wa nje au tunanunua. Hapa kwenye fundi wa nje ndo nimependa jamani, mfaa anachonga mzee mmoja nyumbani kwake, basi mbao zinahamia kwenye stoo yenye jina lake lakini kwenye hesabu bado ni zetu, zamani nilikuwa naandika kwenye daftari na kila mwezi tunabishana na mzee wa watu ziko ngapi.

Ila fundi akimaliza fremu na oda yake haijafungwa, stoo inasoma sifuri na oda ya mlango inagoma kutoa vifaa, hata kama fremu umeiegemea. Kwa hiyo kila jioni nazunguka na simu kabla mafundi hawajaondoka, nazifunga moja moja.

Sasa hivi kuna milango 4 ya mteja wa Dar, fremu tayari, mabawa tayari, kwenye skrini imebaki mfaa mmoja uko kwa mzee na kesho asubuhi naufuata.