Swahili Music Notes: nota ni tele, kazi iko kwenye kuchagua

Mwalimu wa kwaya wa Tanga anayetafuta wimbo mpya wa matoleo hana haja tena ya kungoja fotokopi iliyopita mikono mitatu, imefifia mpaka mstari wa besi hausomeki. Tovuti ya Swahili Music Notes inatoa bure nota za nyimbo za Kikatoliki katika PDF, zimepangwa kwa sehemu za Misa na majira ya Kanisa. Kwa Kiswahili hatujaona pengine panapoizidi. CPDL, maktaba ya mtandaoni ya nota za kwaya za bure iliyoanza 1998, ni hazina kubwa, ila humo Kilatini na lugha za Ulaya ndizo zimetawala.

Kizuri kuliko vyote ni midi, faili za kusikiliza wimbo ukipigwa na kompyuta, zinazoambatana na nyimbo nyingi. Asiyesoma nota anasikiliza kwenye simu siku tatu, anafika mazoezini wimbo ameushika.

Watunzi ni wengi, kwa hiyo ubora haulingani. Kabla ya kutoa kopi, soma maneno chini ya nota. Silabi yenye mkazo, ya pili kutoka mwisho, iangukie pigo zito: wo-KO-vu. "Mkombozi" lina silabi nne, na M inataka nota yake. "Mbingu" lina mbili tu. Mtunzi akikosea hapo, waumini hawatasikia neno hata sauti zikipatana vizuri namna gani.

Kisha tazama mstari wa tena, yaani sauti ya juu ya wanaume. Kwaya ya kigango huko Muheza yenye watu 16 inaweza kuwa na tena wawili tu, na wimbo unaowaweka kwenye F na G za juu mistari mizima utawamaliza kabla ya ubeti wa tatu. Kushusha toni moja kunasaidia, lakini besi aliyekuwa G ya chini sasa yuko F, na wengi hapo hutoa pumzi tupu. Mpiga kinanda akishusha kwa kitufe cha kubadili toni (transpose), akirudishe sifuri kabla ya wimbo unaofuata.

Zaburi usiichague kwa jina. Linganisha kiitikio na kitabu cha masomo ya Misa cha mwaka husika katika mzunguko wa Dominika, A, B au C.

Wimbo wa kurasa 4 ukitolewa mbele na nyuma ni karatasi 2. Waimbaji 24 wakishika kopi wawili wawili, karatasi 24 zinatosha. Usibane kurasa mbili upande mmoja, beti hazitasomeka kwenye Misa ya jioni.

Kupakua ni bure, kurekodi si bure: hapo mtafute mtunzi, umwombe ruhusa.