SGR, baiskeli ya kukodi na mchomoko: siku yangu moja Morogoro

Tangu treni ya SGR, ile reli ya kisasa, ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, nilikuwa najiahidi kwenda kutembea tu, bila msiba wala harusi. Mwezi uliopita nikakata tiketi ya daraja la kawaida, shilingi 13,000, treni ya alfajiri.

Fika stesheni mapema. Mizigo inapitishwa kwenye mashine, kitambulisho kinakaguliwa, na muda wa kupanda ukipita hufunguliwi. Ukipata kiti cha dirishani, kiwe upande wa kushoto. Mwanzoni ni nyumba, mashamba na vichaka vinavyokimbia, maana treni hufika kasi ya kilomita 160 kwa saa. Ila ukishaipita Ngerengere, milima ya Uluguru inaanza kujitokeza, kwanza kama wingu zito chini ya anga, halafu mikunjo ya mabonde, halafu mlima wenyewe na ukungu wake kileleni. Hapo nilizima simu. Kwa basi nimepita njia hii miaka mingi na sijawahi kuuona mlima ule hivyo. Na saa mbili hazijatimia tumeshafika!

Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, kwa hiyo weka hela ya bodaboda ya kukufikisha mjini. Karibu na Soko la Chifu Kingalu nikamkuta fundi baiskeli, akanikodishia moja kwa shilingi 5,000 hadi jioni. Breki ya nyuma ilikuwa imelegea. Akaikaza papo hapo na kujaza upepo. Usiondoke kabla hujajaribu breki, hata kama unaona haya kumsumbua mtu.

Nikaelekea Mazimbu. Sikutaka kwenda Bwawa la Mindu kwa sababu barabara ya Iringa ina malori mengi mno kwa mtu wa baiskeli. Njia ya Mazimbu ina utulivu, na ukishaingia ndani miti inakufunika. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, lakini zamani lilikuwa shamba la mkonge, na kuanzia mwaka 1978 chama cha ANC kikajenga pale shule ya vijana waliokimbia ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Waliipa jina la Solomon Mahlangu, kijana mpiganaji wa ANC aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Mwaka 1992 wakaikabidhi kwa Tanzania. Makaburi ya waliofia hapa uhamishoni bado yapo. Niliegesha baiskeli nikasimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Wamelala mbali sana na kwao, na sisi wa Dar, tulio jirani, wengi hatujawahi kufika.

Kosa langu lilikuwa tiketi ya kurudi. Sikuikata mapema, na jioni treni ilikuwa imejaa. Nikaenda stendi ya Msamvu kupanda mchomoko, yaani gari dogo la abiria linaloondoka likijaa. Nililipa 20,000, tukasubiri gari lijae karibu saa nzima, nyuma tukabanwa wanne, na dereva alikuwa anapita malori kwenye kona huku anaongea na simu. Mama mmoja alimwomba apunguze mwendo, hakujibu. Foleni ya Kibaha ilitukuta saa tatu usiku. Kwa usafiri ule simshauri mtu, hata bei ingekuwa nusu.

Jumamosi ijayo narudi na mdogo wangu. Tiketi za kwenda na kurudi nimeshakata, na yule fundi ameahidi kutuwekea baiskeli mbili.