Kasia la sentimita 220, na muuzaji aliyenicheka

Sijui nianze na kasia au na aliyeniuzia. Acha nianze na yeye, maana hasira yangu yote iko kwake.

Nilimuuliza swali moja tu: kayaki yangu, kale kamtumbwi ka kukaa na kupiga kasia, ni pana, karibu sentimita 80, je, kasia hili la 220 litanitosha? Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. "Dada, kasia ni kasia tu." Nikarudia swali. Akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti nisikie, "Hata kuelea hajui, anataka vipimo." Wakacheka. Kwa aibu nikalipa, nikaondoka.

Majini ndipo nilipojua. Ili bapa, ile sehemu pana ya mwisho wa kasia, lizame lote ilinibidi niinamie kushoto, kisha kulia, kayaki ikaenda mrama badala ya kunyooka. Kila nikivuta, kidole gumba kinakwaruza ukingo. Baada ya nusu saa kifundo kilikuwa kimechubuka, chumvi ikaingia kwenye kidonda. Zile ringi za mpira za kuzuia matone zilikuwa zinazama pamoja na bapa, kwa hiyo maji yalichuruzika kwenye mpini mpaka mapajani. Nilirudi nimelowa chepechepe na mabega yanawaka moto.

Usiku ule ningeandika kwamba kasia hili ni takataka. Sasa nasita. Rafiki yangu ana kayaki nyembamba na hupiga kasia karibu wima, mkono wa juu usawa wa bega. Nilipompa ajaribu alichomoka kama mshale, hakutaka kulirudisha. Bapa lake fupi na pana linafaa kabisa kwa upigaji huo. Mimi hupiga kwa ulalo, mikono chini, mwendo wa taratibu wa masaa. Nilihitaji kama 240, na bapa jembamba refu lisilochosha mabega. Kwa hiyo ni kasia zuri, ila si langu. Haya yote muuzaji angeweza kuniambia kwa dakika mbili, kama angeniuliza tu ninavyopiga.

Nyota tatu, basi.

Hapana, mbili. Kile kiungo cha katikati, vipande viwili vinapochomekwa na kushikwa na kitufe, kimeshaanza kucheza. Kila nikivuta nasikia "tak" ndani ya kiganja, na nguvu inapotelea hapo hapo. Na si kwamba sikulitunza. Nililisuuza kwa maji yasiyo na chumvi kila nilipotoka, nikalitenganisha, nikafuta mchanga ndani ya kiungo kwa kitambaa. Wiki chache tu!

Nilirudi kuomba nibadilishiwe, hata kwa kuongeza pesa. Akaligeuza mara moja mkononi, akasema haliwezi kurudishwa kwa sababu limeshalowa maji.

Kasia! Limelowa maji! Nikamuuliza alitegemea nilitumie wapi. Akarudi kwenye simu yake.