Briketi za Soko la Kibuye, Kisumu: nzuri kwa nyoyo (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja), si kwa chai ya haraka

Ni vumbi la makaa lililoshikanishwa kwa molasi au udongo. Vunja moja kabla ya kulipa: ikikatika kwa mlio mkavu, imekauka, ikimomonyoka mkononi, itakutoa machozi kwa moshi. Udongo ukizidi, jivu huziba matundu ya jiko na moto kufifia maharagwe yakiwa bado mawe.

Weka makaa ya kawaida kidogo chini, briketi juu, ukiacha nafasi za hewa. Subiri zivae utando wa kijivu ndipo uteleke sufuria. Usizichokore, zitavunjika. Kwa nyoyo, hazina mshindani. Chai ya asubuhi? Washa gesi tu.

Dirisha liwe wazi: moshi ukiisha, kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, bado ipo, na haina harufu.