Fimbo Moja, Maji Mawili: Kutoka Ufukwe wa Kigamboni hadi Ziwa Victoria

Fimbo ya kuvulia ninayoieleza hapa niliinunua Kariakoo mwezi Desemba kwa shilingi 190,000, pamoja na rili yake (kifaa cha kukunjia mshipi) na mita 300 za mshipi wa nailoni wenye unene wa milimita 0.40. Ina urefu wa mita 3.6, imegawanyika vipande vitatu vinavyochomekana, na maandishi yaliyo juu ya mpini yanadai kwamba inarusha chubwi (kizito cha kuzamisha chambo) la gramu 100 hadi 200. Muuzaji aliniapia kwamba inavua kote, baharini na ziwani. Baada ya miezi minane ya kuitumia kote kuwili, ninaweza kusema kwamba alinipa nusu ya ukweli.

Nianze na ufukweni. Kwa upande wetu majira ya kuvua ukiwa umesimama mchangani ni kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo hutoka kaskazini-mashariki, si mkali kama kusi, na mawimbi yanayofika kwenye fukwe za Kigamboni zinazotazama bahari kuu huwa ya kadiri: yana nguvu ya kutosha kufukua kaa wadogo mchangani, lakini hayaburuzi chubwi kila baada ya dakika moja. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hapa Dar es Salaam hukupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Kwa hiyo mimi hufika mapema, maji yakiwa yamekauka, kwa ajili ya kutazama tu. Hapo ndipo fungu la mchanga na mfereji uliopo kati yake na ufukwe huonekana wazi, nami hujiwekea alama kwa mnazi ulio nyuma yangu, kisha nikasubiri maji yaanze kupanda. Kolekole na changu huingia mferejini pamoja na maji yanayojaa, na mara nyingi mfereji huo hauko mbali kuliko hatua 40. Wanaorusha kwa nguvu zao zote huwa wanapitisha chambo juu ya vichwa vya samaki. Siku za maji mafu, ambapo tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo, heri nauli ya pantoni ibaki mfukoni.

Kwa kazi hiyo fimbo imenifurahisha kweli. Urefu wake huuinua mshipi juu ya wimbi la kwanza linalovunjika, jambo ambalo fimbo fupi hailiwezi, na ncha ni laini kiasi kwamba mkono hujifunza haraka kutofautisha bahari na samaki. Wimbi huvuta polepole na kuachia polepole. Changu hugonga mara mbili tatu za harakaharaka, kama mgeni anayebisha hodi. Jioni moja ya Februari, nikiwa na kipande cha ngisi kwenye ndoano na chubwi la gramu 120, nilimpata kolekole wa kilo tatu na ushei, na fimbo ikajikunja hadi karibu na mpini bila kutoa mlio wowote wa kutia shaka. Hongwe aliyefuata nilimkatia mshipi tu akaenda zake, kwa kuwa miiba yake ina sumu na koleo nilikuwa nimelisahau nyumbani.

Iliyoniangusha ni rili. Niliisuuza kwa maji yasiyo na chumvi kila niliporudi, lakini baada ya safari ya tatu tu waya unaoongoza mshipi ulishika kutu, na kigurudumu chake kidogo kikaganda, hivyo mshipi ukawa unasuguliwa mahali pamoja hadi ukaanza kuchanika nyuzinyuzi. Breki nayo haiachii mshipi kwa ulaini: hung'ang'ania, kisha huachia ghafla, na samaki mwenye nguvu hupata nafasi yake katikati ya mambo hayo mawili. Fundi aliyeifungua alikuta beringi za chuma cha kawaida na grisi ya kutafuta kwa tochi. Dukani niliambiwa kwamba dhamana haihusu maji ya chumvi, kauli ya ajabu kwa kifaa ambacho boksi lake limechorwa bahari.

Mwezi Julai nilisafiri nayo hadi Mwanza. Kiangazi cha ziwani si kile cha pwani: mvua hakuna, na upepo wa kusini-mashariki huvuma siku nyingi mfululizo ukayachanganya maji ya juu na ya chini. Katika miezi ya joto na mvua maji ya vilindini hupungukiwa na oksijeni na sangara hupanda juu zaidi. Julai anaweza kuwa kwenye kina chochote, kwa hiyo inabidi umtafute kwa kukokota chambo bandia nyuma ya boti, taratibu, kandokando ya miamba, ukibadilisha kina kila mnapozunguka. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi ili tuwe tumerudi kabla upepo wa mchana haujainua mawimbi.

Katika boti ya mita sita, fimbo ya mita 3.6 ni usumbufu mtupu. Nahodha alipoiona ikichomoza nje ya boti aliniambia, “Kaka, hiyo si ndiyo ya kuangulia maembe?” Sangara wa kwanza alikuwa na sentimita 46, naye tulimrudisha majini kwa sababu sheria hairuhusu walio chini ya 50, ila kumfikia kulimlazimu nahodha aushike mshipi kwa mkono, maana ncha ilikuwa mbali kuliko nilivyoweza kuirudisha. Wa pili alikuwa mkubwa. Aliruka, akatikisa kichwa, breki ikang'ang'ania, na ndoano ikachomoka.

Fimbo yenyewe ningeinunua tena kwa ajili ya ufukweni, endapo duka lingekubali kuiuza bila rili. Ziwani inafaa kwa anayerushia kutoka juu ya mawe, ambako ndiko pa kusimama kwa vyovyote vile, kwa kuwa kuingia kwenye maji ya kina kifupi ni kukaribisha kichocho. Na mwisho wa mshipi afunge nailoni nene ya milimita 0.9, kwani meno ya sangara husugua kama msasa. Kwa kuvulia botini nimekwisha kuagiza nyingine ya mita 2.1.