Viatu kabla ya koti: mwongozo wa kununua mavazi ya safari ya Berlin mwezi Januari

Msafiri anayetoka Dar es Salaam au Mombasa kwenda Berlin mwezi Januari kwa kawaida huanza kwa kutafuta koti, na mara nyingi huwa amekwisha kutumia sehemu kubwa ya fedha zake kabla hajakumbuka kwamba katika jiji lile atatembea sana kwa miguu. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine. Kinachotangulia ni kile ambacho kikikosekana kitaiharibu safari mapema zaidi: viatu kwanza, nguo za ndani pili, kisha koti, na vingine vyote baadaye. Kwa kila kundi imeonyeshwa pia pa kununulia, kwa sababu vitu vingine ni heri vinunuliwe nyumbani na vingine ni hasara kuvibeba.

Baridi ya Berlin inapaswa kueleweka kwanza. Mchana wa Januari joto huwa nyuzi chache tu juu ya sifuri, usiku hushuka chini yake, na zipo siku ambazo upepo kutoka mashariki hulifikisha nyuzi 10 chini ya sifuri. Theluji huanguka, lakini linalomsumbua mgeni zaidi ni unyevu: manyunyu, theluji iliyochanganyika na mvua, na barabara zisizokauka. Upepo huongeza adha. Joto likiwa sifuri na upepo ukivuma kilomita 20 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kana kwamba ni nyuzi 5 chini ya sifuri. Katikati ya Januari jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 na nusu jioni, kwa hiyo mtu aliyekwenda kwa maonyesho ya kilimo ya Grüne Woche, yanayofanyika jijini humo kila Januari, huenda akatoka ukumbini gizani.

Viatu

Sababu ya kuviweka viatu mbele ni ya kimji kabisa. Sheria za Berlin zinawazuia wenye nyumba kumwaga chumvi kwenye njia za waendao kwa miguu, kwa ajili ya kulinda miti na maji ya ardhini, na badala yake hutawanywa changarawe ndogo. Theluji iliyoyeyuka mchana huganda tena usiku, na asubuhi njia huwa na utando wa barafu ambao soli laini haiwezi kuushika. Kiatu kinachofaa kina soli nene ya mpira yenye meno, kinafunika kifundo cha mguu, hakipitishi maji, na kina nafasi ya kutosha vidole kucheza hata ukiwa umevaa soksi nene. Nafasi hiyo si anasa. Kiatu kinachobana huizuia damu kufika vidoleni na kuiondoa hewa inayohifadhi joto, kwa hiyo mtu aliyerundika soksi tatu ndani ya kiatu cha saizi yake huganda miguu kuliko aliyevaa soksi moja ya sufi.

Chaguo la kwanza ni kuvinunua viatu Berlin kwenyewe, siku ya kwanza. Maduka ya vifaa vya michezo ya Decathlon yana buti za majira ya baridi zisizopitisha maji kwa bei ambayo mara nyingi huwa chini ya euro 70, na baada ya Krismasi maduka mengi ya viatu hupunguza bei ili kuondoa mali ya msimu. Sharti ni moja: usifike Jumapili ukiwa na viatu vya turubai. Maduka ya Ujerumani hufungwa Jumapili kwa mujibu wa sheria, isipokuwa Jumapili chache za mwaka na maduka yaliyomo ndani ya vituo vikuu vya treni, ambayo huuza vyakula na dawa kuliko buti. Anayefika Jumamosi usiku au Jumapili, basi, hana budi kuondoka nyumbani akiwa amekwisha kuvaa viatu vinavyofaa.

Chaguo la pili ni viatu vipya vya kupandia mlima, vinavyopatikana katika maduka ya vifaa vya mlima ya Moshi, Arusha na Nairobi. Bei yake ni ya juu, lakini mtu huweza kuvijaribu kwa utulivu na kuvizoeza mguu kabla ya safari.

Mtumba unashika nafasi ya mwisho hapa, na hili hunibidi kulisema waziwazi kwa sababu mimi ni mteja wa mitumba kwa karibu kila kitu kingine. Buti nyingi za Ulaya zina tabaka la poliurethani katikati ya soli, nalo huoza taratibu kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa hakivaliwi. Buti iliyokaa miaka kadhaa kabatini, kisha ndani ya robota, kisha katika joto la pwani, yaweza kuonekana mpya juu ilhali soli yake imekwisha kufa, na ikapukutika vipande vipande siku ya pili ya kutembea. Ikiwa hakuna njia nyingine, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha na ukunje kiatu kwa nguvu. Soli ikiacha alama isiyorudi, ikitoa unga au ikionyesha nyufa ndogondogo, mrudishie mwenyewe.

Nguo za ndani

Hapa maelezo ni mafupi lakini makosa ni mengi. Nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba. Pamba hunyonya jasho na kukaa nalo, na kwa kuwa mtu wa Berlin hushinda akiingia na kutoka, kutoka barabarani kwenye baridi hadi dukani ambako vyumba hupashwa joto hadi karibu nyuzi 20, jasho halikosekani. Fulana iliyolowa ikikutana tena na upepo huwa baridi kuliko kutovaa fulana kabisa. Bora kuliko zote ni sufi laini ya kondoo wa merino, isiyowasha na isiyonuka upesi. Inayofuata ni nguo nyembamba ya nyuzi za viwandani, kama poliesta, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, mfano Heattech za maduka ya nguo ya Uniqlo au zile za Decathlon, ambazo kipande kimoja kwa kawaida hakizidi euro 20. Jozi mbili za juu na mbili za chini zinatosha kwa wiki nzima, kwani hukauka usiku mmoja zikianikwa karibu na kipasha joto cha chumbani. Suruali ya jinzi peke yake haifai kitu katika upepo ule. Ikivaliwa juu ya taitsi nene, inatosha siku nyingi.

Juu ya nguo hiyo hukaa sweta, nalo hapana haja ya kulinunua Ulaya. Mitumba imejaa masweta ya sufi yanayouzwa bei moja na ya akriliki kwa sababu wauzaji wengi hawasomi lebo. Mnunuzi asome.

Koti

Sasa koti, ambalo soko lake ni pana na ndilo linalohitaji macho makali. Kinachohifadhi joto ni hewa iliyonaswa ndani yake. Kuna aina nne zinazokutana na mnunuzi, nami ninazipanga hivi kwa Berlin. Kwa jiji lenye baridi kavu mpangilio ungekuwa tofauti.

Ya kwanza ni koti refu, linalofika chini ya makalio, lililojazwa nyuzi za poliesta na kufunikwa kwa kitambaa kisichopitisha upepo. Nyuzi hizo hazipotezi joto lote zinapolowa, na kwa manyunyu ya Berlin sifa hiyo inashinda wepesi na urembo. Ya pili ni koti lililojazwa manyoya laini ya bata, ambalo kwa uzito uleule hutoa joto zaidi, lakini likilowa manyoya hushikamana na joto huondoka. Lifaalo ni lile lenye kitambaa cha nje kinachozuia mvua. Ya tatu ni koti la sufi, zuri kwa mtu anayekwenda mikutanoni, mradi livaliwe juu ya sweta na lifungwe hadi shingoni, kwani upepo hupenya kwenye sufi iliyofumwa kwa ulegevu. Ya nne, na ya mbali sana, ni yale majaketi ya ngozi bandia yenye manyoya kwenye ukosi yanayoning'inizwa mbele ya maduka ya nguo yakiitwa ya Ulaya. Bitana yake ni nyembamba, ngozi yake hukakamaa na kupasuka kwenye baridi, na manyoya yapo kwa ajili ya picha.

Kwa aina mbili za kwanza, mtumba ndio mahali bora pa kununulia. Makoti mazito husafirishwa kutoka nchi zenyewe za baridi, na mahitaji yake pwani ni madogo, kwa hiyo pale Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba na Toi jijini Nairobi mtu hupata koti zuri kwa sehemu ndogo ya bei yake ya dukani. Anayepita Njombe, Mbeya au Arusha atakuta uteuzi mkubwa zaidi, kwa kuwa wakazi wa huko wanayavaa kweli. Moshi nako kuna makoti ya mlimani yaliyoachwa na wageni waliopanda Kilimanjaro, ingawa wauzaji wa huko wanajua thamani yake vizuri.

Lipime koti juu ya sweta, si juu ya fulana. Fungua na ufunge zipu mara kadhaa, kwani fundi cherehani hubadilisha zipu ya suruali kwa urahisi lakini zipu ndefu ya koti lenye tabaka tatu ni kazi nyingine. Papasa kila kifuko kilichoshonewa manyoya ndani ya koti: ukikuta mabonge upande mmoja na utupu upande mwingine, liliharibiwa katika kufuliwa. Kwenye lebo za Kijerumani neno Daunen ndilo manyoya laini yenyewe na Federn ni manyoya yenye vijiti; asilimia ya Daunen ikiwa 70 au zaidi, hilo ni koti la maana. Mwisho, linuse. Harufu ya ukungu haitoki kwa dobi.

Vingine

Glavu, skafu na mzula ununue popote. Hata nyumbani gharama yake ni ndogo, na shuka nzito ya Kimasai iliyokunjwa mara mbili hufanya skafu ambayo Wajerumani wataiulizia. Mafuta ya mgando yasikosekane kwenye begi kubwa, maana hewa ya vyumba vilivyopashwa joto hukausha midomo na mikono ndani ya siku moja. Betri ya simu huisha upesi kwenye baridi, hivyo betri ya akiba ni ya lazima, nayo isafiri kwenye mkoba wa mkononi na isizidi saa-wati 100 (Wh kwenye lebo yake). Soketi za Ujerumani zina matundu mawili ya duara, kwa hiyo adapta ya plagi yetu ya pini tatu inunuliwe kabla ya kuondoka, Kariakoo au kwingineko, ambako bei yake ni ndogo kuliko ile ya uwanja wa ndege.

Asiye mkazi wa Umoja wa Ulaya anayenunua bidhaa za zaidi ya euro 50 katika duka linaloshiriki mpango wa kuwarudishia wageni kodi anaweza kudai kurudishiwa sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni 19%. Aombe fomu wakati wa kulipa na aoneshe pasipoti. Siku ya kuondoka, bidhaa na fomu vipelekwe kwa maofisa wa forodha kabla begi halijakabidhiwa, na kama ndege inapitia uwanja mwingine wa Umoja wa Ulaya, aulize mapema muhuri unagongwa wapi. Buti zenyewe ziwe bado hazijavaliwa zinapokaguliwa. Aliyezinunua siku ya kwanza ili azitumie asitarajie kurudishiwa kodi kwa hizo.