Skuna Bluenose mezani kwa fundi cherehani: mbao nimezipenda, uzi nimeutoa wote

Nimeimaliza Jumapili iliyopita, baada ya miezi saba: mfano mdogo wa skuna, chombo cha matanga cha milingoti miwili, unaounganisha mwenyewe kwa vipande vya boksini. Naandika sasa hivi, vidole bado vinakumbuka kila fundo, kwa ajili ya mtu anayefikiria kutoa pesa yake kununua boksi kama hili. Kama huna muda, chukua haya: mbao ni nzuri, ramani zinaaminika, kitabu cha maelekezo kinakuacha njiani, na uzi wake hautoshi kwa kazi iliyokusudiwa. Mwenye muda tuendelee.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia kati ya Tanga, Pemba na Mombasa, na harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki yanayopakwa mbao za chombo, naijua tangu utotoni. Kaka yangu naye alifuata bahari, ila yeye kwenye meli kubwa za chuma. Siku moja alirudi likizo akaniwekea kiganjani sarafu ya senti kumi ya Kanada. Upande mmoja ina chombo cha milingoti miwili, matanga yote yamejaa. Akaniambia jina lake ni Bluenose na Wakanada wamekiweka kwenye sarafu hiyo tangu 1937. Niliitazama sana ile sarafu. Nilikuwa nimeona picha nyingi za manowari za zamani zenye mizinga, hazikunigusa. Hii ilinigusa kwa sababu ilikuwa chombo cha wavuvi.

Skuna yenyewe ilishushwa majini Machi 1921 huko Lunenburg, Nova Scotia. Ilijengwa ivue samaki na pia ishindane, na mwaka uleule nahodha wake, Angus Walters, akarudi nyumbani na kombe la kimataifa la wavuvi. Juu ya sitaha ilibeba boti ndogo zilizopangwa moja ndani ya nyingine kama mabakuli; wakifika penye samaki zinashushwa, watu wawili kila boti. Mwaka 1942 iliuzwa ikawa inabeba mizigo visiwa vya Karibi, na Januari 1946 ikapanda mwamba karibu na Haiti ikavunjikia hapo. Baba angeelewa habari hiyo bila kuelezwa zaidi. Vyombo vingi vya kwetu vimeishia hivyo hivyo.

Seti niliagiza kwa kampuni moja ya Ulaya, kaka akalipa kwa kadi yake. Bei ilikuwa kama shilingi laki nne, na usafiri pamoja na ushuru vikaifikisha laki tano na nusu. Si pesa ndogo kwa mtu anayeshona sare za shule. Kipimo ni moja kwa sabini na tano, maana yake chombo cha karibu mita 44 kinakuwa sentimita 58 mezani. Ndani ya boksi kuna mkuku, ule uti wa chini wa chombo, na mataruma, yaani mbavu zake, vyote vya plaiwudi iliyokatwa kwa leza, fito za mbao laini nyeupe za ubavu, fimbo za milingoti, kapi ndogo kama punje za mtama, vitambaa vya matanga, na vigurudumu sita vya uzi.

Jambo la kwanza nililofanya, na ninakuomba ulifanye, ni kulaza mkuku juu ya kioo cha meza. Wangu ulikuwa umepinda. Sikuona kwa macho, ila kipande cha karatasi kilipita chini yake katikati, kikafuatiwa na cha pili hadi cha nane. Plaiwudi nyembamba ikisafiri miezi na kutua kwenye hewa yetu ya pwani hujikunja, na kampuni ingeweza kuweka plaiwudi nene kidogo isitokee hivyo. Nililowesha upande uliobonyea kwa kitambaa, nikaulaza chini ya pasi mbili za mkaa siku mbili. Ulinyooka. Baada ya hapo nikabana vibao vidogo kati ya taruma na taruma, gundi kila upande, usipate nafasi ya kurudi.

Kisha nikakosea mwenyewe. Nilianza kupiga mbao upande wa kushoto, nikaweka nne mfululizo kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Mjomba wangu akaingia. Mjomba alishona matanga ya majahazi miaka mingi, sasa amepumzika Sahare, na kila Ijumaa baada ya sala hupita kwangu kunywa kahawa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yako mezani.

"Mwanangu, unauvuta mkuku upande mmoja. Weka moja huku, moja kule. Chombo kinajengwa kwa mizani."

Kitabu cha maelekezo hakina hata neno moja juu ya hilo. Nilizibandua mbao mbili kwa maji ya moto, nikaanza upya nikibadilisha upande kila ubao. Kwenye omo, pale mbele ya chombo mbao zinapokusanyika, kila ubao lazima upunguzwe upana kuelekea mbele, la sivyo unapanda juu ya mwenzake. Kupinda mbao kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa: nusu saa ndani ya maji, halafu naupitisha taratibu kwenye ncha ya pasi ya umeme, kama ninavyokunja kola. Mbao zake hizi ni za kusifiwa. Katika fito zote nilipata mbili tu zenye fundo la mti, na hakuna iliyopasuka.

Mjomba alikaa pale jioni nyingi akinisimulia jinsi fundi wa jahazi anavyofanya bila ramani, kwa jicho na kamba ya kupimia, na jinsi anavyokwenda kutafuta tawi lililopinda lenyewe liwe taruma, maana tawi la hivyo halivunjiki kama ubao uliokatwa kwa msumeno. Akauliza kalafati iko wapi. Nikamwambia hapa hakuna pamba ya kuzibia, mianya naijaza kwa gundi na unga wa mbao. Hakufurahi, lakini alikubali kwamba hiki hakiendi majini. Rangi nyeusi juu, mstari mweupe wa maji, chini nyekundu ya kutu. Kupaka kulichukua siku tatu na sina la kuongeza.

Sasa nije kwenye uzi.

Nashika uzi kutwa nzima, mwaka wa kumi na tisa huu, na ule wa kwenye boksi niliujua nilipoushika tu. Ni wa pamba, umesokotwa kwa ulegevu, na una manyoya. Ukiutazama karibu na taa utaona vijinywele vimesimama urefu wote. Kwenye kitambaa cha shati havionekani. Kwenye chombo cha moja kwa sabini na tano, kinywele cha nusu milimita ni sawa na kamba kuota ndevu za karibu sentimita nne. Mweusi wake tena ulitoa rangi nilipoulowesha, ukachafua mlingoti niliokwisha kuusugua kwa msasa. Na pamba ina tabia nyingine ambayo mtu wa Tanga, mji uliolelewa na mkonge, anaijua: kamba ya mmea ikilowa hukaza na kufupika, ikikauka hulegea. Niliacha kamba moja ya mbele ya uzi wao kwa makusudi, nione. Masika ilipoingia ikavuta kilele cha mlingoti mpaka ukainama mbele. Jua lilipotoka ikaning'inia.

Kwa hiyo nikasokota kamba zangu. Nilichukua uzi wa polista wa kushonea, mweusi kwa kamba zinazosimamisha milingoti, kwa sababu hizo kwenye chombo halisi zilipakwa lami, na wa rangi ya majani makavu kwa zile zinazovutwa kila siku. Nyuzi tatu nazifunga kwenye msumari wa mlangoni, ncha za pili naziingiza kwenye keekee ya mkono niliyoazima kwa seremala jirani. Nasokota kila uzi kulia mpaka unaanza kujikunja wenyewe. Kisha naziunganisha tatu, naachia polepole, nazo zinarudi kushoto zikikumbatiana. Unaiona kamba inazaliwa mbele yako kutoka mlangoni mpaka dirishani, yenye michirizi ya mshazari kama kamba ya nanga, nene kama milimita moja hivi. Mwisho naivuta mara tatu juu ya donge la nta ya nyuki kutoka Handeni. Nta inalaza kila kinywele, na fundo likikazwa halifunguki.

Kamba za kushika milingoti zinafungwa kwenye vidude vya mviringo vyenye matundu matatu, kimoja juu na kimoja ubavuni mwa chombo, na uzi mwembamba unapita kati yao ukipanda na kushuka mara tatu. Nafasi kati ya cha juu na cha chini lazima iwe sawa kwa vyote, vinginevyo jicho linaona upesi. Nilikunja pini ya nywele ncha zote mbili, moja naingiza tundu la juu na moja la chini, basi kila kimoja kikakaa umbali uleule. Anza na jozi ya mbele kulia, kisha ya mbele kushoto, urudi kulia. Usikaze mpaka ikalia. Mlingoti uliovutwa sana hausamehe.

Kisha vipago, ile ngazi ya kamba ya kupandia mlingotini. Milimita tano kati ya kipago na kipago, na kila kinapokutana na kamba kuna fundo. Ni mamia ya mafundo. Nilichora mistari kwenye karatasi nikaiweka nyuma ya kamba, na binti yangu mwenye miaka kumi na mmoja akafunga nusu nzima ya upande wa kulia, vidole vyake vinaingia mahali ambapo vyangu vinahitaji kibanio. Upande wake umenyooka kuliko wangu.

Hapo ndipo kitabu kiliponiacha kabisa. Kinaonyesha kamba zinakotoka juu, hakionyeshi zinafungwa wapi chini. Mjomba hakuwahi kuona tanga la namna hii. Jahazi lina foromali moja, na tanga linaning'inia hapo. Hii ina mti juu ya tanga na mti mwingine chini yake. Aliuzunguka mfano wangu na kikombe mkononi, akawa ananiuliza swali lilelile kila kamba: "Hii kazi yake nini?" Nikijibu, anaifuata kwa ncha ya kijiti cha mshikaki mpaka mwisho. Tulipofika kwenye jarari mbili, kamba za kupandishia, za tanga kubwa alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema moja inainua kitako cha mti wa juu, pale unapogusa mlingoti, na nyingine inainua ncha yake. Na lazima zivutwe pamoja, ili mti uinuke ukiwa umelala sawa. Basi haziwezi kufungwa mahali pamoja, watu watagongana. Moja kulia, moja kushoto. Usiku ule nilimpigia kaka, akanitumia picha za Bluenose II, ile iliyojengwa 1963 kwa mfano wa ya kwanza. Jarari zimetengana, kila moja upande wake.

Matanga ya kwenye boksi nayo nimeyaweka pembeni. Yameshonwa tayari, mshono wa milimita mbili na nusu. Zidisha mara sabini na tano: kila shono ingekuwa karibu sentimita 19. Hakuna fundi wa matanga aliyeshona hivyo, na mjomba alikasirika kwa niaba yao. Nilikata melimeli, kitambaa chepesi cha pamba, nikaichovya kwenye chai ya rangi nyepesi iondoe weupe wa dukani, nikapiga mistari ya vipande vya kitambaa kwa penseli iliyochongwa vizuri, na pindo peke yake nikalishona kwa mkono. Tanga la mlingoti wa maji, lile dogo la mbele kabisa, nilirudia mara mbili.

Kapi zilipungua nne. Niliandikia kampuni, wakajibu baada ya wiki tatu, na kapi sita zikaja kwa posta bila malipo. Hilo nawasifu. Kuhusu uzi waliniambia ndio wanaoutumia kwa seti zao zote, hawakusema zaidi.

Je, ningenunua tena? Ndiyo, kwa sababu ya mbao na kwa sababu ya ramani, ambazo zimechorwa kwa ukubwa uleule wa mfano, unaweza kulaza mlingoti juu ya karatasi ukapima. Lakini kwa laki tano na nusu mtu anastahili uzi wa maana na ukurasa mmoja unaosema kila kamba inafungwa wapi. Anayeagiza akiwa pwani aongeze kwenye hesabu yake uzi wa polista rangi mbili, nta, melimeli mita moja, na kioo cha kupimia mkuku. Kwa hapa Tanga vyote hivyo havikunifikisha elfu ishirini. Na asianze kama ni mara yake ya kwanza kushika mbao. Achukue kwanza chombo cha mlingoti mmoja.

Kilichobaki ni kupaka rangi boti ndogo mbili za sitahani tu. Mjomba ameomba seti ijayo tuiache, tuchore wenyewe jahazi la baba kwa kipimo hikihiki. Vipimo vyake anavyo kichwani kwa pima na shibiri, na Ijumaa hii atakuja tuviandike.